Miwani moja, darasa zima: ninavyofundisha moyo kwa uhalisia ongezwa

Walimu wenzangu wakisikia habari za miwani ya uhalisia ongezwa, ile inayomwonyesha mvaaji picha za kompyuta zikielea juu ya meza iliyo mbele yake, huuliza kwanza: tutapata wapi za kutosha darasa zima? Mimi nafundisha baiolojia sekondari, huku Temeke. Tunayotumia ni moja tu, tunaiazima kwa kijana wa Kijitonyama anayetengeneza programu. Moja inatosha, ili mradi asiyevaa naye awe na kazi.

Kazi yenyewe ni kuchora. Mmoja anavaa na kusimulia anachokiona, waliobaki wanachora kwa kumsikiliza, vitabu vimefungwa. Kwenye somo la moyo, kila mwaka watoto wanasumbuliwa na jambo lilelile: kitabuni, upande wa kushoto wa moyo uko kulia mwa karatasi. Ukieleza wanaitikia "ndiyo mwalimu", kwenye mtihani wanageuza. Binti mmoja wa kidato cha pili, akiwa amevaa miwani, aliuzunguka moyo ule unaoelea hadi nyuma yake, akasimama, akanyanyua mkono wake wa kushoto. "Kumbe ni huku huku kwangu!" Wenzake wakaanza kumhoji. Ukuta upi mnene? Akainama, akachungulia: wa kushoto. Kwa nini? Hapo mimi nilinyamaza makusudi. Walibishana wee, mpaka mmoja akasema huo ndio unaosukuma damu mwili mzima, wa kulia unaifikisha mapafuni tu, hapo jirani.

Waache wasimulie kwa Kiswahili kwanza. Najua mtihani ni wa Kiingereza, lakini mtoto anayehangaika na lugha hataona tena kilicho mbele yake. Istilahi ziandike ubaoni baadaye, wazijaze kwenye michoro yao.

Somo lipakue nyumbani usiku, usitegemee bando la darasani. Chaji nayo ijae mapema, maana umeme hauna ahadi. HoloLens 2, miwani ya Microsoft, kwa mfano, hukaa na chaji saa mbili hadi tatu, na ina uzito wa gramu 566, kwa hiyo kila mtoto avae dakika chache tu. Ifute kila inapohama uso. Jasho la Dar mwezi wa pili unalijua. Anayesikia kizunguzungu aivue mara moja, na usiruhusu achekwe.

Wakuu wa shule, nawasihi msikimbilie kununua. HoloLens 2 ilitangazwa mwaka 2019 kwa dola 3,500, na mwaka 2024 Microsoft ikaacha kuitengeneza. Google nao waliacha kuuza miwani yao, Google Glass, mwaka 2023. Azimeni kwanza, mwone walimu wenu wanaifanyia nini. Akija muuzaji, mwambieni aizime intaneti, kisha afundishe kipindi kizima mbele ya wanafunzi wenu.