Tuta lililopimwa kwa mkono wa Mama

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: "Ni kitu gani ulichojenga nyumbani ambacho leo usingekubali kibomolewe?" Kwangu ni tuta la mboga lililoinuliwa kwa tofali, uani kwetu Tabata. Urefu wake mita 2, upana mita 1. Nimelijenga kwa ajili ya Mama.

Mama alilima Kilosa tangu usichana wake. Alipokuja kuishi nasi, magoti yalikuwa yameshachoka, kuinama hawezi. Na ua wetu si shamba: mfinyanzi uliochanganyika na vifusi vya ujenzi, masika maji yanatuama, kiangazi ardhi inapasuka. Asubuhi alikuwa akikaa barazani, anauliza mchicha umenunuliwa bei gani, akijibiwa ananyamaza. Kunyamaza kule kuliniuma.

Nilianza na mabanzi kwa kuwa bei yake ni nafuu. Masika moja tu, mchwa wakayala kuanzia chini. Jirani akanishauri niyapake oili chafu, kama wengi wanavyofanya kwenye nguzo za uzio. Kwenye uzio sawa, lakini haya yanagusana na udongo unaotulisha. Nilikataa. Mbao zilizotiwa dawa nazo niliziacha, maana baadhi ya dawa hizo zina arseniki. Nikanunua tofali 30 za saruji, za inchi 5.

Fundi alitaka kupandisha kozi 3, yaani safu tatu za tofali. Nikamwomba asubiri, tukazipanga kwanza kavu, nikamwita Mama aje akae. Kwenye kozi 2, na ubao mpana juu yake, kimo ni kama nusu mita, na nyayo zake zilikanyaga chini zote. Kozi ya tatu ingemning'iniza miguu. Kisha akanyoosha mkono kuelekea katikati. "Hapa napafika, mwanangu," akasema, na fundi akachora mstari palepale. Kwa hiyo nikiulizwa vipimo, jibu langu ni kwamba mpimeni atakayelitumia. Mkono wa mtu mzima hufika kama sentimita 60 bila kujilazimisha, ndiyo maana tuta linalofikiwa pande zote mbili lisizidi mita 1.2, na lililoegemea ukuta liishie nusu ya hapo.

Kozi ya chini tuliacha matundu, kila baada ya tofali mbili kiungo kimoja hakikutiwa saruji. Mvua za hapa zikishuka bila maji kupata pa kutokea, mizizi inaoza.

Udongo ndio unaokula pesa kuliko ukuta. Tuta la ukubwa huu linameza karibu lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Hapa makumbi ya madafu ndiyo yaliyoniokoa. Muuza madafu wa mtaani kwetu huyatupa kila jioni, nami nilibeba kiroba baada ya kiroba. Niliyaacha mvuani wiki kadhaa yatoke chumvi, nikayatandika chini pamoja na vigogo vya migomba vilivyokatwakatwa, mpaka theluthi ya kina. Yanashika maji kama sifongo na polepole yanageuka mboji. Juu yake nilichanganya ndoo 2 za udongo, 1 ya samadi ya ng'ombe iliyooza na 1 ya maganda ya mpunga, hivyo hivyo mpaka likajaa. Awali nilitumia samadi ya kuku ikiwa bado mbichi, na miche yote iliungua. Samadi ile ilazwe miezi kadhaa kwanza.

Jueni pia kwamba udongo utashuka. Makumbi yanapooza, tuta linazama, kwa hiyo kabla ya vuli huwa naongeza ndoo chache za mboji.

Maji nayo yalitusumbua. Kisima chetu kina chumvi, kama visima vingi vya Dar. Kingo za majani zilikauka na udongo ukaota utando mweupe juu. Sasa tunatumia maji ya bomba, na mvua tunaikinga kwenye pipa. Tuta lililoinuliwa hukauka upesi kuliko ardhi, hivyo Mama hulifunika kwa nyasi kavu na kumwagilia alfajiri kabla jua halijawaka.

Mchicha wa kwanza aliung'oa baada ya wiki nne. Aliuosha mwenyewe, akautenga mafungu matatu, la kwetu na mawili ya majirani. Siku hizi kuna figiri, matembele na mnafu, na haulizi tena bei.

Mwezi uliopita kaka yangu alinunua gari, akasema tuta livunjwe apate pa kuliegesha. Mama hakumjibu. Aliendelea kuchuma matembele akiwa amekaa kwenye ubao wake. Gari linalala nje ya geti, na mimi nimeshaagiza tofali nyingine, kwa tuta jembamba la kuegemea ukuta. Anataka kupanda nyanya chungu.

Msomaji wenu, Tabata, Dar es Salaam