Alama 45280 kati ya 20

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Ni zana gani ya kidijitali iliyokutoa jasho, na ulijifunzaje kuitumia?" Yangu ni jedwali la kompyuta, lile la kujazia alama za wanafunzi. Na aliyenifundisha ni kauntabuku niliyoinunua kwa ajili ya mahesabu ya kikoba.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, sekondari ya kata, wilayani Muheza. Semina ya TEHAMA tulipewa, siku tatu. Mkufunzi alikuwa hodari, ila alikwenda mbio kama mtu anayewahi basi la mwisho. Siku ya pili nilikuwa naitikia tu. Wiki haikuisha nikawa nimesahau hata pa kubonyeza. Ndipo nikajiwekea desturi: kila jioni, kabla sijainjika ugali, naandika nilipokwama siku hiyo na kile hasa nilichokiona kwenye kioo. Yaliyokwenda sawa siyaandiki, nitajaza daftari bure.

Basi Mei 2023 nilikuwa najaza alama za jaribio la Kidato cha Pili, vilevile kama ninavyoziandika kwenye karatasi: 18/20, 15/20. Nikafika kwa binti aliyepata 12. Nikaandika 12/20, nikabonyeza Enter, ikatokea 20-Dec. Nikafuta, nikarudia. 20-Dec. Aliyepata 7 akawa 20-Jul. Mwenzangu akanishauri niibadilishe seli, yaani kile kisanduku cha jedwali, isome namba. Nikaibadilisha, na yule binti akawa na alama 45280 kati ya 20. Ofisi nzima ya walimu iliangua kicheko, nami nikacheka, ingawa ripoti zilitakiwa kesho yake na mwalimu wa taaluma hakuwa na mzaha.

Usiku nikayaandika yote, mstari kwa mstari, na ilikuwa katika kuyaandika ndipo nikaona. Waliogeuka tarehe wote walikuwa na alama 12 kushuka chini. Kuanzia 13 hakuna aliyeguswa. Na kila tarehe ilikuwa ya 20. Miezi ni 12! Kompyuta ile ilikuwa imepangwa Kimarekani, mwezi unatangulia siku, kwa hiyo ilipouona mkwaju (/) ilidhani naitajia tarehe. 13/20 haikuwa na mwezi wa kuangukia, ikaachwa kama ilivyo. Ile 45280 nayo ni namba ambayo jedwali linaipa tarehe 20 Desemba 2023, kwa hesabu yake lenyewe ya siku inayoanzia 1 Januari 1900. Dawa yake ni kuipanga safu nzima iwe ya maandishi kabla hujaandika chochote. Siku hizi mimi naandika 12 peke yake, hiyo "kati ya 20" inakaa juu kwenye kichwa cha safu.

Baadaye nikasoma kwamba hata wataalamu wa jeni yamewakuta. Jeni zilizoitwa MARCH1 na SEPT1 zilikuwa zikigeuzwa tarehe kwenye majedwali yao, mpaka kufikia 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni ikawa imeona heri kuyabadilisha: MARCHF1, SEPTIN1. Nikajiona nina wenzangu, tena wenye makoti meupe.

Niseme na la lugha, maana ndiyo kazi yangu. Kwenye daftari sikutaka kunakili Kiingereza nisichokielewa, nikawa navipa vitu majina yangu. Ctrl na Z, inayotengua ulichokifanya sasa hivi, naiita "futa aibu". Ule msalaba mdogo mweusi unaouburuta kona ya seli ili hesabu ijirudie chini, huo ni "mshona ukili". Baraza la Kiswahili la Taifa lingenishangaa, lakini walimu wawili hapa shuleni sasa wanasema "shona ukili" bila kujua imetoka wapi.

Mwezi uliopita mwalimu mgeni, kijana aliyemaliza chuo juzijuzi, alikuwa anaingiza namba za simu za wazazi. Kila sifuri ya mwanzo ikaliwa. Namba iliyoanza na 0754 ikaanza na 754. Alikuwa keshazirudia mara tatu. Nikamfungulia ukurasa wa Mei 2023, wenye doa la chai. Akasoma kimya, akacheka alipofika kwenye 45280, kisha akazifuta namba zote na kuipanga safu upya.

Mwalimu, Muheza