Baba mkwe ana alfa-1, je wanangu nao wataumwa?

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi Mtanzania nimeolewa huku Sweden. Baba mkwe wangu hata miaka 60 hajafika ila akipanda ngazi anasimama katikati ahemee, na sigara aliacha kitambo. Wamempima damu wakasema ana alfa-1 ya kurithi, aina ya ZZ. Mume wangu naye akitoka na wenzake anavuta, na tuna watoto wawili. Wataumwa? Halafu mbona babu yangu Tanga kavuta mpaka uzeeni na kifua hakikumsumbua? Mama wawili, Malmö.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Huo ugonjwa uligundulika hukohuko Malmö mwaka 1963, Laurell na Eriksson ndio waliona wagonjwa ambao damu yao imekosa protini inayoitwa alfa-1, ndo maana ugonjwa wenyewe watu wanauita hivyo. Na huko Sweden sio kitu cha ajabu, walipima watoto wachanga 200,000 miaka ya 1972 mpaka 1974 wakakuta zaidi ya 120 ni ZZ, yaani nakala zao zote mbili za jeni ya hiyo protini ni zile zenye kasoro, zinazoitwa Z. Kwetu Afrika hiyo Z ni adimu sana.

Iko hivi. Moshi ukiingia kifuani, chembe nyeupe za damu zinakuja kupambana na zinamwaga kimeng'enya kikali ambacho kisipozuiwa kinakula mpaka mapafu yenyewe. Kinachozuia ni alfa-1, inatengenezwa kwenye ini. Sasa mwenye ZZ protini yake inajikunja vibaya inakwama hukohuko kwenye ini, mapafuni inafika kidogo mno, ndo maana baba mkwe apimwe na ini pia.

Kila mtu ana nakala mbili za hiyo jeni, moja ya baba moja ya mama. Baba mkwe zote mbili ni Z, kwa hiyo mumeo Z moja anayo, hilo halina mjadala. Swali ni mama yake alimpa nini, maana huko karibu mtu mmoja kati ya 20 anabeba Z bila kujua, na kama alimpa Z basi mumeo naye ni ZZ. Kwa hiyo aanze kupimwa yeye, watoto baadaye. Wewe kama huna Z, na kuna uwezekano mkubwa huna, watoto wako hawawezi kuwa ZZ, wakiwa nayo ni moja tu, na mwenye moja asiyevuta mapafu yake kwa kawaida yanakuwa sawa.

Ila mwenye moja akivuta hatari inapanda, na ZZ anayevuta anaweza kuanza kukosa pumzi akiwa na miaka 30 au 40 tu! Kwa hiyo mwanangu hizo sigara za na wenzake mwambie aache leo, asisubiri majibu, na humo ndani kwenu asivute mtu yeyote.

Babu yako, kuna jeni nyingine nyingi kila moja inaongeza au kupunguza hatari kidogo, yeye zilimbeba, lakini hakuna anayejua zake zikoje kabla hajavuta. Na kama mumeo ana ndugu kwa baba huyo, nao waambiwe wakapime, kila mmoja ana Z walau moja.