Maswali ya Wasomaji: "Okei" Ilianzia Wapi?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya sekondari wilayani Kongwa. Kila nikitoa maelekezo darasani, wanafunzi huitikia "okei, mwalimu", na nikienda Dodoma mjini makondakta wa daladala pale Majengo nao ni hivyo hivyo. Mwenzangu ofisini anashikilia kwamba OK ilikuwa ripoti ya askari vitani, yaani sifuri na herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza la kuuawa. Je, ni kweli? Na mwanafunzi akiliandika kwenye insha, nimkate alama?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Mwalimu, hadithi ya askari inapendeza kuisimulia, ila haina ushahidi. OK ilizaliwa katika utani wa magazeti. Mnamo mwaka 1839 waandishi wa Boston, Marekani, walikuwa na mtindo wa kufupisha maneno baada ya kuyaharibu tahajia kwa makusudi: "all right" liligeuzwa "oll wright", likawa O.W., na "all correct", yaani yote ni sahihi, likageuzwa "oll korrect", likawa O.K. Kifupisho hiki cha pili kilichapishwa katika gazeti la Boston Morning Post tarehe 23 Machi 1839, ndani ya aya iliyomchokoza mhariri wa gazeti la mji wa Providence.

Vifupisho vingi vya aina hiyo vilisahaulika upesi. OK iliokolewa na siasa, kwa kuwa katika uchaguzi wa mwaka 1840 Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook katika jimbo la New York, aliitwa na wafuasi wake "Old Kinderhook", nao wakaunda klabu yenye herufi hizo mbili. Wapinzani, kama ilivyo kawaida ya kampeni, walizigeuza kuwa kejeli, wakidai kwamba zilitokana na Rais mstaafu Andrew Jackson kutojua tahajia. Van Buren alishindwa na William Henry Harrison, lakini neno likabaki midomoni mwa watu.

Aliyeufukua mkasa huu ni mtaalamu wa lugha Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia, katika makala alizochapisha mwaka 1963 na 1964. Wapo wanaolihusisha neno hili na "okeh" ya Wachoktaw, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, na wengine na lugha za Afrika Magharibi. Dai hili la mwisho lingetufurahisha sisi Waafrika, lakini ushahidi wa Read, wenye tarehe na kurasa za magazeti, ndio wenye nguvu zaidi.

Kuhusu insha, ningetazama mahali neno lilipotumika. Likiwa kinywani mwa mhusika katika mazungumzo, liache, maana ndivyo vijana wa Kongwa wanavyosema. Likijitokeza katika barua ya kuomba kazi au katika maelezo ya mwandishi mwenyewe, mkate alama na umwandikie pembeni "sawa" au "nimekubali", kulingana na alichokusudia.