Jibu: CD ya Puppy Linux haiwaki

Habari mkuu. Umesema umechoma Puppy Linux (mfumo mdogo wa kuendeshea kompyuta) kwenye CD lakini kompyuta inaipita na kuingia Windows kama kawaida. Kabla ya kugusa BIOS (mipangilio ya kompyuta inayofunguka kabla ya Windows kuwaka), ifungue hiyo CD. Ukikuta faili moja tu la .iso (faili lenye nakala ya CD nzima), tatizo ndilo hilo: umelinakili tu kama unavyonakili wimbo, hivyo yaliyomo hayakufunguliwa kwenye CD. Mimi niliharibu CD mbili hivyo hivyo! Kwenye Windows 7 bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua "Burn disc image". Ukiona vmlinuz na initrd.gz ndani (mafaili ya kuwashia Linux), uchomaji uko sawa. Nenda BIOS uitangulize CD mbele ya diski kuu. Na kama prosesa ya mashine ni ya biti 32, toleo la Puppy la biti 64 halitawaka.