Mama ana miaka 72, minyoo katoa wapi?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 72 na ana pumu, juzi kapima damu ikaonekana ipo chini, afu usiku anajikuna makalioni, kuna mchirizi mwekundu unatokea, asubuhi ukiangalia umeshahama. Nikamwambia hiyo minyoo, akacheka, eti minyoo ni ya watoto. Nikampa kidonge cha albendazoli kimoja cha duka la dawa, wiki ya tatu hii hamna kitu. Jumatatu anaanza prednisoloni ya pumu. Nifanyeje?
Binti yake

JIBU: Marahaba binti. Mimi hapo kwenye prednisoloni ndo nimeshtuka. Mpigie daktari wake leo, kabla mama hajameza cha kwanza, mweleze huo mchirizi kama ulivyonieleza mimi, yeye ndo aamue.

Mchirizi unaokimbia hivyo unanifanya niwaze minyoo inaitwa strongiloidesi. Inaingia kwa ngozi, mtu akikanyaga peku udongo wenye kinyesi, na tofauti na minyoo mingine mingi hii inazaliana humohumo mwilini, kwahiyo aliyeipata akiwa msichana anaweza kuzeeka nayo bila kujua. Kinga ya mwili inaibana isizidi. Sasa stiroidi, kundi la dawa ilimo hiyo prednisoloni, zinashusha hiyo kinga, minyoo inafumuka, inasambaa mpaka mapafuni na kubeba bakteria wa utumbo kuwaingiza kwenye damu, na hilo linaua. Mbaya zaidi akianza kukohoa na kubanwa kifua watu mtasema pumu imezidi, mtamwongezea dawa ileile!

Kile kidonge ulichompa kinaua askarisi, ile minyoo mirefu ya tumboni, vizuri, kwa hii ni dhaifu. Dawa yake ni ivermektini, inapimwa kwa uzito, mikrogramu 200 kwa kila kilo, ila usikanunue mwenyewe, apimwe kwanza. Choo cha siku moja mara nyingi kinasema hakuna, omba kirudiwe siku tofauti au apimwe damu kutafuta kingamwili, yaani askari wa mwili dhidi ya minyoo hiyo.

Damu kuwa chini ni habari nyingine kidogo. Minyoo ya safura inanyonya damu kweli, lakini kwa umri wake hata ikionekana bado aangaliwe vidonda vya tumbo na uvimbe wa utumbo, maana nimeona wazee wanapewa vidonge vya damu miezi na miezi hamna anayeuliza inapotelea wapi.

Kama prednisoloni ameshaianza, asiikatishe kienyeji. Akipata homa, tumbo kuuma, kuhara au kifua kubana, hospitali siku hiyohiyo.