Bia Moja, Ladha Tatu: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Bia ya Uingereza

SWALI: Ndugu Mwandishi, huu ni mwaka wangu wa pili wa masomo hapa Leeds. Mwezi uliopita nilikwenda London kumtembelea kaka yangu, naye akanipeleka kwenye baa moja ya Chiswick, karibu na kiwanda kinachotengeneza London Pride. Bia hiyo niliipenda sana: ilikuwa laini, povu lake dogo, na haikuwa ya baridi kali. Niliporudi Leeds niliiagiza tena, ikaja na povu zito kama krimu, na uchungu wake umefifia. Baadaye nikanunua chupa dukani, nikailaza kwenye jokofu usiku kucha, nikakuta kinywaji kingine kabisa: chenye gesi, kikali ulimini na karibu hakina harufu. Kaka anadai ni mawazo yangu tu. Je, hii ni bia moja kweli, au ninauziwa vitu vitatu kwa jina moja?
Msomaji, Leeds

JIBU: Mwambie kaka yako, kwa heshima zote, kwamba ulimi wako haukukudanganya. Mambo yaliyobadilika ni zaidi ya moja, na la chupa lina siri yake ndogo ambayo nitaifikia.

Tuanze na bia uliyokunywa Chiswick, ambayo kwa maelezo yako ilikuwa bia ya pipa. Bia ya aina hii huondoka kiwandani ikiwa bado na hamira hai ndani yake, nayo huendelea kuchachuka taratibu ndani ya pipa lile lile litakalotumika kuuzia. Gesi yake yote hutokana na hamira hiyo; hakuna anayeisukumia gesi kutoka kwenye mtungi. Pipa likifika baa hulazwa kwenye chumba cha chini, kwenye joto la nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi, na mtunzaji hupigilia juu yake kijiti cha mti laini kinachopitisha hewa ili gesi iliyozidi ipumue. Akiona imetulia huweka kijiti kigumu kinachoziba kabisa. Wakati huo hamira inazama chini, mara nyingi ikisaidiwa na utomvu unaotengenezwa kwa vibofu vya samaki, ambao huikusanya na kuishusha pamoja na mashapo mengine. Ni kazi ya siku moja au zaidi, na mtu mwenye haraka huiharibu.

Bia inayotoka hapo ina gesi kidogo mno. Kwa makadirio, lita moja ya bia ya pipa hubeba lita moja ya kabonidayoksaidi au zaidi kidogo, ilhali bia nyingi za chupa, kopo na kegi (chombo cha chuma ambacho bia yake husukumwa na gesi ya mtungi) hubeba zaidi ya lita mbili. Tofauti hiyo si jambo dogo, kwa sababu kabonidayoksaidi ikiyeyuka katika maji hugeuka kuwa asidi hafifu, nayo ndiyo inayochoma ulimi na kuufanya uchungu wa hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, uonekane mkali. Ukiipunguza, kimea hujitokeza: ladha ya biskuti, ya mkate uliookwa, ya matunda yanayoletwa na hamira. Joto nalo lina mchango wake. Harufu hupanda kutoka kwenye kinywaji kadiri kinavyopata joto, na kinywaji kilichoganda kwa baridi huificha harufu yake ndani. Wanaoiita bia ya Uingereza bia ya moto wamekosea, kwa maana nyuzi 12 ni baridi ya wastani. Bali wanailinganisha na laga, ambayo hutolewa ikiwa na baridi zaidi ya hapo.

Sasa tuje Leeds. Huko kaskazini, hasa Yorkshire, mdomo wa bomba la pampu ya mkono, inayovuta bia kutoka chumba cha chini, hufungwa kifuniko kidogo chenye vitundu. Mhudumu anapovuta mpini, bia hulazimishwa kupenya vitundu hivyo kwa nguvu, ikavurugika, na sehemu ya gesi iliyoyeyuka ikatoka na kujenga povu nene linalodumu hadi mwisho wa bilauri. Ukitazama painti (bilauri ya zaidi kidogo ya nusu lita) iliyomiminwa hivyo, utaiona ikichemka kwa mawimbi meupe yanayoshuka ukutani mwa bilauri, kisha ikatulia polepole kutoka chini kwenda juu. Inapendeza macho. Lakini gesi iliyokwenda kwenye povu imeiacha bia iliyo chini, ikaondoka na sehemu ya uchungu na harufu ya hopsi, na kinachobaki huwa laini zaidi na tulivu zaidi. Kusini mwa Uingereza kifuniko hicho hakitumiki sana, na bia huja na povu jembamba tu juu yake.

Watu wa pande hizo mbili wamebishana juu ya kifaa hiki kwa miongo mingi, na sitarajii kuwapatanisha. Msimamo wangu ni kwamba mtengenezaji ndiye mwenye kauli. Bia za Yorkshire zilizotengenezwa kwa kuzingatia kwamba zitapita kwenye vitundu, zikinyimwa kifuniko huweza kuonekana kali na nyepesi mno mdomoni. Bia ya London iliyopimwa uchungu wake bila kifuniko, ikiwekewa hupoteza sehemu ya kile kilichokusudiwa. Hicho ndicho kilichokupata. Unaweza kumwomba mhudumu akufungulie kifuniko kabla ya kumimina. Baa nyingi hukubali bila kununa, ingawa kwingine utatazamwa kidogo.

Na chupa? Hapa kuna siri niliyoitaja. Kwa miaka mingi London Pride ya pipa imekuwa na kilevi cha asilimia 4.1, na ya chupa asilimia 4.7. Kwa hiyo bia uliyoinunua dukani ilikuwa na nguvu zaidi hata kabla hujaizungumzia gesi wala jokofu. Si London Pride peke yake: bia kadhaa za Uingereza hupishana nguvu kati ya pipa na chupa, nawe utaiona tofauti hiyo ukisoma lebo na kibao cha pampu. Juu ya hayo, bia nyingi za chupa huchujwa hamira yote, huongezwa gesi na hupashwa joto ili kuua vijidudu. Kupashwa joto huipa bia maisha marefu, lakini huifanya ionekane imepikwa kidogo, hasa oksijeni ikiwa imepenya. Bia iliyozeeka na kushikwa na oksijeni huanza kunuka kadibodi lililolowa.

Jaribu hivi kabla hujaihukumu chupa. Itoe jokofuni mapema ili isiwe baridi kupita kiasi, imimine kwa kishindo kwenye jagi, izungushe, kisha uihamishie kwenye bilauri. Sehemu kubwa ya gesi itakuwa imetoka. Haitakuwa bia ya Chiswick, lakini utaona undugu wao.

SWALI: Kiangazi hiki tulikaa bustanini nyuma ya baa tukinywa bia ya chupa nyeupe inayoonyesha. Chupa ya kwanza ilikuwa nzuri. Ya pili, iliyokaa juani mezani kwa muda, ilinuka vibaya mno, kama mnyama. Je, ilikuwa imeoza?
Msomaji, Brighton

JIBU: Haikuoza, na mnyama unayemtafuta ni kicheche. Uchungu wa hopsi unatokana na viambato vinavyovunjika vikipigwa na mwanga. Vipande vyake huungana na salfa iliyomo ndani ya bia na kuunda kiwanja kinachofanana na vile ambavyo wanyama wa jamii hiyo huvitumia kujihami. Pua ya binadamu hukitambua hata kikiwa kidogo sana, na kwenye jua kali dakika chache zinatosha.

Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga unaoleta balaa hilo. Ya kijani huzuia kidogo, na nyeupe karibu haizuii kitu. Utauliza kwa nini basi viwanda vya Uingereza vinapenda chupa nyeupe. Sababu ni macho ya mnunuzi: rangi ya bia, kutoka dhahabu hadi nyekundu ya kaa la moto, inauza. Newcastle Brown Ale, iliyoingia sokoni mwaka 1927, inajulikana duniani kote kwa chupa ya namna hiyo. Mimi dukani huchagua chupa iliyo nyuma kabisa ya rafu au iliyofungwa ndani ya boksi, kwa kuwa taa za dukani nazo hufanya kazi ile ile ya jua, ila polepole.

Bilauri yako ya bia ya pipa haina kinga yoyote pia. Ukikaa bustanini, iweke kivulini.

SWALI: Baba mkwe wangu, mzaliwa wa Swansea, hagusi bia ya kopo, anasema inanuka bati. Je, ana hoja?
Msomaji, Cardiff

JIBU: Mheshimu baba mkwe, lakini bia yenyewe huwa haigusi chuma. Ndani ya kopo la siku hizi kuna utando mwembamba wa plastiki unaoitenganisha bia na alumini. Ladha ya bati mara nyingi huletwa na mdomo na pua kugusa ukingo wa kopo wakati wa kunywa. Mmiminie kwenye bilauri bila kumwonyesha kopo, kisha umsikilize.

Tena asisahau kwamba kopo lina asili ya kwao. Kiwanda cha Felinfoel, karibu na Llanelli huko huko Wales, ndicho kilichotangulia kutoa bia ya kopo Uingereza, mwaka 1935, katika eneo lililoishi kwa kutengeneza mabati. Kopo halipitishi mwanga hata chembe, na hukinga oksijeni vizuri kuliko kizibo cha chupa, ambacho huivujisha ndani kidogo kidogo kadiri miezi inavyopita. Kwa bia yenye hopsi nyingi ninayotaka kuinywa ikiwa mbichi, mimi huchagua kopo.

Kuna aina moja ya kopo inayostahili neno lake. Katika miaka ya 1990 bia kadhaa za Uingereza, Boddingtons ya Manchester miongoni mwake, zilianza kuuzwa kwenye makopo yenye kidude cha plastiki ndani. Kidude hicho hushikilia gesi ya naitrojeni kwa shinikizo, na kopo likifunguliwa huitema ndani ya bia, povu zito likafumka. Naitrojeni haiyeyuki kwa urahisi wala haileti asidi, kwa hiyo bia huteleza kooni kama krimu. Nia ilikuwa kuigiza bia ya pampu nyumbani. Kwa macho imefaulu. Kwa pua, naona harufu nyingi hubaki imefunikwa chini ya povu. Kopo hilo lisifunguliwe likiwa na joto, la sivyo utapangusa meza.

SWALI: Nikiwa mbele ya kaunta nitajuaje ipi ni ya pipa na ipi ni ya kegi?
Msomaji, Birmingham

JIBU: Tazama mpini. Bia ya pipa huvutwa kwa pampu ndefu ya mkono, kifaa ambacho Joseph Bramah alikipatia hataza mwaka 1797 na ambacho hakijabadilika sana. Bia ya kegi imechujwa au kupashwa joto mara nyingi, husukumwa na gesi ya mtungi, na hutoka kwa kufungua bomba tu. Chama cha walaji cha CAMRA kilianzishwa mwaka 1971 kuitetea ile ya kwanza isimezwe na hii ya pili. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni baadhi ya bia za kegi zimeanza kutolewa kwa mipini ya mkono, kwa hiyo ukiwa na shaka, uliza.

SWALI: Mara mbili nimepewa painti ya bia ya pipa yenye ladha ya siki. Niliona aibu nikainywa. Je, bia ya pipa ndivyo ilivyo?
Msomaji, Norwich

JIBU: Sivyo, na pole. Hata mimi niliwahi kuimaliza painti ya namna hiyo, kwenye baa tupu ya kijijini siku ya Jumanne, kwa kuogopa kumuudhi mwenye baa.

Pipa la kawaida lina galoni 9, yaani lita 41 hivi, au painti 72. Kila painti inayovutwa huingiza hewa ya ujazo ule ule nafasi yake, na baada ya siku tatu hivi bia huchakaa: kwanza hupoa gesi, kisha huanza uchachu. Gawanya mwenyewe: baa inahitaji kuuza takriban painti 24 za bia hiyo kila siku. Baa yenye wateja sita na mipini minane haiwezi. Ndiyo maana nasema bia ya pipa ni bora kuliko zote ikitunzwa na mbaya kuliko zote ikiachwa, na kwenye baa kama ile ya Jumanne sasa huagiza chupa. Kisababishi kingine ni mipira ya kupitishia bia isiyosafishwa kila wiki, ambayo huweza kuleta siki au harufu ya siagi. Bia iliyolala mpirani usiku kucha nayo isiwe painti yako ya kwanza ya mchana.

Kabla ya kulipa, omba kuonja. Baa nyingi hutoa mafunda mawili bure. Ukishapewa painti, inuse kwanza. Ukungu peke yake si kosa, kwa kuwa siku hizi kuna bia zinazoachwa na ukungu kwa makusudi. Lakini ikinuka siki, irudishe kaunta palepale ikiwa bado imejaa, useme kwa sauti ya chini kwamba pipa hili huenda limefika mwisho, na uombe bia ya mpini mwingine.